Kigari cha Kiti Kimoja

Kama miguu yako imeanza kuvimba na watu wa nyumbani wanakwambia umenenepa, usiwaamini. Mimi niliwaamini kwa miezi mingi. Mke wangu Sekela aliwatangazia majirani zetu wa Lufingo kwamba mwili wangu umeanza kukubali, na mimi nikatembea nimejaa raha mpaka viatu vilipokataa kuingia. Kumbe yalikuwa maji. Moyo ulikuwa umechoka kuyasukuma, na yalikuwa yakipanda taratibu kutoka kwenye nyayo kuelekea juu.

Sitakueleza moyo unavyofanya kazi. Daktari wako atakueleza, na usipomwelewa muulize tena, hata akikunja uso. Mimi nitakueleza habari za mabenchi, za chakula kisicho na chumvi, na za kigari kimoja cha gofu ambacho nilikidharau kabla sijakipanda.

Watu wengi wa Rungwe wamefanya kazi ya chai. Mimi nilifanya kazi ya nyasi. Ndani ya shamba la chai lililo ng'ambo ya bonde letu kuna uwanja wa gofu wa mashimo tisa, na mimi nilianza hapo nikiwa kijana wa kubeba mifuko ya fimbo za wachezaji. Baadaye nikawa mkata nyasi, mwisho nikawa msimamizi wa uwanja mzima. Jumatatu, wanachama wasipokuwepo, wafanyakazi tuliruhusiwa kucheza, na nilicheza vizuri kuliko wengi wa hao wanachama. Sekela hakuwahi kuuelewa mchezo wenyewe. Alikuwa akisema, "Mnaupiga mpira uende mbali, halafu mnalalamika kwamba uko mbali."

Mfanyakazi wangu hodari kuliko wote alikuwa binti mmoja aitwaye Subilaga. Alijua kusikiliza mashine ya kukatia nyasi na kusema inaumwa wapi. Tulifanya kazi na kuongea kutwa nzima, tukibishana juu ya mvua, mbolea na wachezaji wavivu wasiofukia mashimo wanayochimba kwa fimbo. Kisha mwanangu wa pekee, Lusajo, akamuoa. Nilicheza sana siku ya harusi. Kesho yake ndipo nikatambua kwamba sitaongea naye tena.

Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mkamwana, yaani mke wa mwanao, anakaa mbali na baba mkwe kwa heshima. Hakutazami usoni, haketi nawe kiti kimoja, halali chini ya paa lako. Akikuona unakuja njiani anaingia migombani mpaka upite. Mjini Tukuyu vijana wengi wameshaiacha desturi hii, na hata kanisani kwetu wapo wanaopeana mikono na wakwe zao mlangoni. Lakini Sekela alikuwa ameishika kwa baba yangu mpaka tulipomzika, na mama yake Subilaga naye alikuwa mkali. Mimi sikusema kitu. Basi kazi ikaendelea kwa kupitia watu, na nyumbani kwa kupitia Sekela.

"Mwambie pale shimo la tatu amekata chini mno," nilikuwa nikisema, na Subilaga amesimama nyuma ya ukuta wa jiko anasikia kila neno.

"Baba anasema umekata chini mno," anasema Sekela.

"Mwambie baba mashine ilikuwa imelegea, nimeshaikaza."

"Anasema ameikaza."

Tulichekwa na wageni. Kwetu sisi watatu ilikuwa ndiyo namna ya kuongea, na ilitutosha.

Ugonjwa ulinikamata kwenye shimo la nne, ambako kuna mlima. Nilikuwa nimeupanda mlima ule tangu ujana bila kuufikiria, na siku hiyo, katika mvua za masika, nilisimama katikati nikashindwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Kifua kilikuwa kimebana, nikawa nahema kwa mdomo wazi. Nikasingizia kwamba naangalia nyasi. Niliziangalia muda mrefu sana.

Ndipo tukaanza maisha ya Makandana, hospitalini, kwenye benchi la wagonjwa wa moyo na presha. Tulifika asubuhi ukungu haujaondoka, Sekela amebeba chupa ya chai na ndizi za kuchemsha kwenye kapu. Ukikaa sana kwenye benchi lile unawajua watu kwa miguu yao. Tulionyeshana. Ukibonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki, na tulikuwa tukilinganisha nani shimo lake linachelewa kujaa. Mama mmoja muuza vitunguu alitushinda wote, akajivuna. Msimu uliofuata hakuonekana, na hakuna aliyeuliza.

Walinituma Mbeya kupigwa picha ya moyo. Walinipaka mafuta ya baridi kifuani, nikauona moyo wangu kwenye kioo ukijikunja kwa uvivu. Nilipotoka Sekela aliniuliza umefananaje. Nikamwambia unafanana na kibarua wa Ijumaa jioni. Tulicheka pale koridoni, kisha yeye akaenda kunawa uso, akachelewa kurudi.

Nikarudi na vidonge. Vya kukojoa asubuhi, kingine cha presha, kingine cha kuupunguzia moyo mwendo. Vile vya kukojoa vilinifunga nyumbani zaidi ya kamba, maana nani atasafiri na choo kichwani? Maji yakapungua, na hapo nikaona kilichokuwa chini yake. Mabega yalikuwa yamekwisha, mapaja yamekuwa membamba, pete ya ndoa ikawa inazunguka kidoleni. Nililala nimeketi, mito nyuma ya mgongo, maana nikilala chali nilihisi nazama. Sekela alinipikia mbalaga, yaani ndizi na nyama, kama nilivyopenda, ila bila chumvi. Na yeye akala bila chumvi. Nilimwambia ajipikie yake, akasema hawezi kuwasha moto mara mbili kwa ajili ya ulimi.

Kila asubuhi nilipanda mizani, naye akainama kusoma, kwa kuwa uzito ukipanda ghafla ni maji yamerudi. Akishasoma ananipa vidonge mkononi na kusimama pale mpaka nimeze. Nilikuwa nikimwambia mimi si mtoto. Alisubiri tu.

Kazi niliiacha. Subilaga akapewa usimamizi wa uwanja, na ilikuwa haki yake. Lakini mimi nilikuwa naumwa ugonjwa wa pili, ule wa kukaa. Daktari alisema nitoke, nipate hewa, nisogeesogee ila nisipande milima. Hebu niambie, Rungwe utakwenda wapi bila kupanda mlima? Uwanjani kulikuwa na kigari kimoja cha gofu, kikubwa, cha watu wawili. Kukiendesha mwenyewe daktari alinikataza, kwa sababu wakati ule kizunguzungu kilikuwa hakijaniacha. Sekela hakujua kuendesha chochote. Aliyejua ni Subilaga, na kiti cha kigari kile ni kimoja kirefu, mnakaa bega kwa bega. Hata kulitamka jambo hilo Sekela hakuweza. Na mimi mwenyewe nilikuwa adui wa kigari kile. Nilikifungia kufuli masika yote ya maisha yangu ya kazi, kwa sababu ni kizito, na ardhi yetu ikilowa kinaacha mifereji mnayoitazama mpaka kipupwe kinakwisha.

Siku moja akaja fundi Kasimu kunijulia hali. Babu yake alitoka pwani na vitambaa vya kuuza, na ukoo wao ukabaki Bagamoyo, namaanisha hii Bagamoyo ya kwetu Tukuyu. Yeye ndiye hutengeneza mashine za klabu.

"Mzee, klabu imeleta vigari vipya," alisema. "Viwili. Kila kimoja ni cha mtu mmoja."

"Mtu mmoja? Mwingine anatembea?"

"Mwingine ana cha kwake. Mfuko wa fimbo unakaa mbele, wewe unakipanda kama pikipiki ila ni matairi manne. Kila mchezaji anaufuata mpira wake. Ule mtindo wa kwenda kwanza kwa mpira wa mwenzako, halafu kurudi kwa wako, umekwisha. Mchezo unakwenda haraka, na wa nyuma yenu hawawatukani."

"Na nyasi?"

"Ni chepesi. Tumekipitisha mvua imetoka kunyesha, mkamwana wako akapiga magoti kuangalia. Kasema zimeinuka zenyewe. Masika hii uwanja haufungwi."

Sikupenda. Nilimwambia gofu ni watu kutembea pamoja wakiongea, na kila mtu akiwa na kiti chake ni sawa na kanisa ambalo kila muumini ana mchungaji wake. Nikamuuliza, je, mgonjwa kama mimi akizimia peke yake huko bondeni?

"Kitandani pia watu wanazimia, mzee," alisema Kasimu.

Sekela alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kizunguzungu kilikuwa kimeniacha, na daktari alikuwa amesema naweza kujaribu kuendesha taratibu. Sekela akasema, "Baba Lusajo, Jumatatu tutakwenda. Mimi nitakaa klabuni ninywe chai yenye sukari, nikuone unavyozunguka kama bwana shamba."

Alikuwa amejifunga khanga kichwani siku hiyo, ameikaza kama mwenye maumivu. Alikuwa akijifunga siku nyingi, na ukimuuliza anasema ni moshi wa jikoni. Jumatatu hiyo haikumkuta. Alianguka migombani akikata jani la kufunikia chungu. Jirani alituletea gari, nikaingia naye, nikamshika kichwa njia nzima.

Pale Makandana nilikaa kwenye benchi lile lile. Mwanamke mmoja tuliyezoeana hapo aliniuliza, "Leo umekuja peke yako?"

"Hapana," nikamwambia. "Leo mimi ndiye nimemleta."

Daktari alisema ni mshipa wa kichwani uliopasuka, kwa presha. Sekela hakuwahi kupimwa, kwa kuwa kila tulipokwenda tulikwenda kwa ajili yangu. Alifariki kesho yake, bila kufumbua macho.

Msibani walinikalisha kwenye kiti chenye mto, na kila aliyekuja kunipa mkono aliniangalia miguu. Nilijua wanafikiri nini. Walikuwa wamejiandaa kunizika mimi, hata mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeshamwonyesha Sekela mahali pangu kwenye kiwanja cha nyuma, karibu na miparachichi. Yeye ndiye tuliyemlaza hapo.

Kwa mwenzangu unayesoma haya na una mtu anayekupeleka hospitali: siku ukienda, mwambie naye avue sweta apimwe. Hili ndilo jambo kubwa nililo nalo la kukupa. Mengine yote unaweza kuyaruka.

Lusajo anaendesha lori la maparachichi kwenda Dar es Salaam. Alikaa nami kadiri alivyoweza, kisha barabara ikamwita. Alitaka nihamie kwake, hapo Bagamoyo ya Tukuyu. Nikamuuliza nitalalaje chini ya paa moja na mkewe, na kaburi la mama yake halijakauka.

"Baba, mila hizo zitakuua," alisema.

"Na moyo pia utaniua. Acha vinigombanie."

Alikasirika, akaondoka bila kuniaga vizuri. Akawa anapiga simu kutoka njiani, na mimi namwambia niko salama.

Sikuwa salama. Subilaga alikuja kila siku kabla ya kwenda kazini. Nilimsikia akikohoa nje kuniarifu, mimi natokea mlango wa nyuma kwenda kukaa kwenye kigogo, yeye anaingia kwa mlango wa mbele anapika, anafagia, anafunika chakula, anaondoka. Hapakuwa na wa kusema, "Baba anasema." Nilijua amechoka kwa namna alivyokokota ndoo. Yeye sijui alijua nini juu yangu. Tulikuwa watu wawili tuliofiwa na mtu mmoja, na hatukuweza kupeana pole.

Mizani sikuipanda tena. Kuinama kusoma kulinikata pumzi, na uzito wangu ulikuwa haumhusu mtu. Vidonge navyo, asubuhi ya kwanza baada ya mazishi nilivishika mkononi nikasubiri. Ukweli ni huo, nilisubiri mtu asimame mbele yangu. Hakuna aliyesimama, nikavirudisha kwenye kopo. Asubuhi zilizofuata sikuvitoa kabisa. Sikusema nataka kufa. Nilisema nitakunywa kesho. Viatu vikaanza kukataa miguu tena, na mimi nikavaa kandambili.

Mvua zilikuwa zinakaribia kuisha Kasimu alipokuja na gari lake dogo la mizigo.

"Nimetumwa kukuchukua," alisema.

"Na nani?"

"Na msimamizi wa uwanja."

Ningekataa, ila ilikuwa amri ya kazi, na amri ya msimamizi wa uwanja mimi sikuwahi kuona mtu anaikataa. Nikapanda.

Subilaga alikuwa ameshakaa kwenye kigari kimoja, hatua kadhaa mbele, ametupa mgongo. Kingine kilikuwa kinanisubiri, na fimbo zangu zimepangwa mbele yake. Zilikuwa zimefutwa. Kasimu alinionyesha cha kwendea na cha kusimamishia, akasema, "Taratibu, mzee," akabaki. Mbele kigari cha Subilaga kikaondoka, na changu kikafuata.

Nitasema haki, ingawa inaniuma. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kugeuka nyuma kutafuta alama za matairi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ile ile. Nyasi zilikuwa zimelala kidogo, na nilipogeuka mara ya pili zilikuwa zinainuka. Kasimu alikuwa hajasema uongo.

Shimo la kwanza mpira wake ulikwenda kushoto na wangu ukaenda kulia, kwenye miti. Akaenda kwake, nikaenda kwangu. Mgonjwa wa muda mrefu huwa amesahau kwenda mahali peke yake. Kila mahali unapelekwa, unashikwa kwapa, unaambiwa angalia ngazi. Mimi nilikwenda kuutafuta mpira wangu mwenyewe, nikauona, nikaupiga vibaya, na hakuna aliyesema pole. Kisha tukakutana karibu na shimo, yeye akiangalia bendera na mimi nikiangalia bendera. Niliona kwamba vigari hivi vimetuweka vile ambavyo desturi ingetaka. Hatukukaa kiti kimoja. Hatukutazamana. Lakini tulikuwa tunakwenda njia moja, mbele na nyuma, kwa mara ya kwanza tangu harusi.

Tukafika mlima wa shimo la nne. Kigari kilipanda bila kulalamika. Nilifika juu na pumzi yangu ikiwa bado ndani yangu, nikaona bonde lote, chai mpaka ng'ambo, na moshi wa Lufingo. Nilitaka kumwambia Sekela. Nilikuwa nimeshaanza kuitengeneza sentensi. Hapo nikalia, kwa sauti, mzee mzima juu ya kile kigari kama pikipiki. Sikuwa nimelia msibani.

Mbele yangu kigari cha Subilaga kilisimama. Hakugeuka. Niliona mabega yake yakitikisika, nikajua naye analia. Tulikaa hivyo mpaka ukungu ukaanza kuingia kwenye chai.

Kisha akasema, akiwa ametazama mbele, akiniita baba kwa Kinyakyusa, "Taata, vidonge umekunywa?"

Nilikuwa nasubiri, kwa mazoea, Sekela anifikishie. Nilimsikia vizuri, maneno yote yalikuwa yamefika, na bado nikasubiri.

"Taata," akasema tena. "Nimeona kopo halipungui. Sina wa kumtuma kwako. Nimetafuta, sina."

"Sijanywa," nikamwambia. "Tangu tumzike, sijanywa."

Akapeleka mkono nyuma, bila kugeuza kichwa. Mkononi kulikuwa na karatasi iliyokunjwa na vidonge vya asubuhi, na chupa ndogo ya maji. Nilisogeza kigari karibu, nikavichukua. Mkono wake ulibaki nyuma, wazi, ukisubiri chupa.

Nikameza. Nikamrudishia chupa.

"Nimemeza," nikasema.

"Ndaga, taata," akasema, yaani asante, na akawasha kigari.

Siku iliyofuata Kasimu alinipeleka Makandana, nikasemwa sana na daktari, nikalazwa mpaka maji yakatoka. Sasa napanda mizani mwenyewe, nimenunuliwa inayotaja uzito kwa sauti, na Subilaga huisikia kutoka jikoni. Nyumbani hatusemezani mpaka leo. Anakohoa, natoka nyuma, anaingia mbele. Hajanitazama usoni, na sitamwomba anitazame, kwa kuwa hiyo ndiyo heshima aliyompa mama mkwe wake.

Lakini Jumatatu tunapanda vigari vyetu, yeye mbele na mimi nyuma, na tunaongea. Mengi ni habari za nyasi na mvua. Mengine ni habari za Sekela, na tukifika hapo vigari vyote viwili husimama.